Vipimo ni safi, moyo bado unaenda mbio

Hofu ya muda mrefu huuchosha mwili kabla mgonjwa hajaitambua akilini. Katika nchi za Maziwa Makuu lugha mbalimbali zina majina yao kwa hali hiyo. Jina lisiposikika kliniki, mgonjwa hulipa kwa fedha na kwa miaka.

KATIKA vituo vya afya vya ukanda huu, kutoka Bukavu hadi Bujumbura, kutoka Kigali hadi Kampala, yupo mgonjwa ambaye karibu kila muuguzi anamfahamu. Moyo unamwenda mbio, kifua kinambana, kichwa ni kizito, vidole vinakufa ganzi, tumbo halitulii na usingizi haumji. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa homa ya matumbo, sukari na presha, na mwenye uwezo anapigwa picha ya kifua. Majibu yanarudi safi. Anapewa dawa ya maumivu na vitamini, kisha anaambiwa akapumzike. Baada ya wiki mbili yuko kwenye foleni ya kituo kingine, na akiba ya nyumbani imepungua.

Akiuliza ana nini, jibu huwa fupi: "Mama, huna ugonjwa, vipimo vyote ni safi." Kwa anayelitoa, hiyo ni habari njema. Kwa anayelipokea ni fumbo, kwa sababu usiku huohuo moyo utamwamsha tena saa nane. Mtaani nako majibu hayakosekani: amelogwa, amelishwa sumu, ana presha iliyojificha, au anajisingizia ili akwepe kazi.

Mara nyingi mgonjwa wa namna hii anaugua wasiwasi uliopita kiasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya wasiwasi, idadi kubwa kuliko ya ugonjwa mwingine wowote wa akili. Kwa makadirio ya shirika hilo, ni karibu mtu 1 tu kati ya 4 wenye maradhi hayo anayepata matibabu yoyote. Miongoni mwa sababu za pengo hilo ni kwamba wengi huingia kliniki wakilalamikia mwili, na kliniki ikautibu mwili peke yake.

Wasiwasi wenyewe si ugonjwa. Mwanafunzi anayekimbilia choo asubuhi ya mtihani wa taifa, mama anayesubiri matokeo ya mtoto aliye chumba cha upasuaji, mfanyabiashara anayehesabu siku za kulipa mkopo wa kikundi: wote hao miili yao inafanya kazi yake. Ugonjwa huanza pale kengele ya hatari inapoendelea kulia baada ya hatari kupita, au inapolia pasipo hatari, kiasi cha kumzuia mtu kufanya kazi, kulala au kutoka nje.

Lugha zilijua mapema

Anayetaka kujua hofu hufanya nini mwilini anaweza kuanza na Kiswahili chenyewe. Kurasa za michezo huandika kwamba timu fulani ni "tumbo joto" kabla ya mechi ya watani wa jadi. Mwanasiasa anayengoja kura zihesabiwe hutokwa na "kijasho chembamba". Aliyekoswakoswa na gari anasema nywele zilimsimama, koo likamkauka na magoti yakagongana. Anayengoja habari mbaya yuko "roho juu". Tumbo, jasho, ngozi, koo, magoti na pumzi: orodha hiyo inakaribia ile ambayo daktari angeiandika kwenye daftari lake.

Lugha jirani zimekwenda mbali zaidi. Katika Kinyarwanda, na pia katika Kirundi, lipo neno ihahamuka. Lilienea sana Rwanda baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, likitumika kwa mtu ambaye kumbukumbu za yale aliyoyaona zinamrudia na kumkaba. Watafiti wanalihusisha neno hilo na ibihaha, yaani mapafu, na kulieleza kama hali ya mtu aliyebaki bila mapafu. Jina la maumivu ya moyoni limejengwa juu ya kukosa pumzi.

Kaskazini mwa Kivu, watu wanaozungumza Kinande husema amutwe alluhire, kichwa kilichochoka, kwa mtu aliyelemewa na mawazo. Zimbabwe, wasemaji wa Kishona wana kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hulikaribia anaposema fulani "ana mawazo mengi".

Majina haya hayalingani moja kwa moja na yale ya vitabu vya udaktari. Mengine yanachanganya wasiwasi na huzuni, mengine wasiwasi na kiwewe. Hata hivyo yote yanamsaidia mgonjwa kusema, na yote yanakubali jambo ambalo jibu la "huna kitu" linalikataa: kwamba kuna kitu.

Kinachotokea ndani

Ubongo una sehemu ndogo yenye umbo la lozi inayofanya kazi ya mlinzi wa usiku. Ikiona au ikidhani kuna hatari, hupiga kengele kabla sehemu ya ubongo inayopima na kutafakari haijamaliza kazi yake. Amri hushuka kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga homoni ya adrenalini kwenye damu. Mwaka 1915 mwanasayansi wa Marekani, Walter Cannon, alieleza kwamba mwili hapo unajiandaa kupigana au kukimbia.

Kila dalili inayomtisha mgonjwa ni sehemu ya maandalizi hayo. Moyo hupiga haraka na kwa nguvu ili kupeleka damu kwenye misuli ya miguu na mikono. Pumzi huongezeka ili kuingiza oksijeni. Jasho hutoka kuupoza mwili ambao utahitaji kukimbia. Misuli hukaza, na ikikaza kwa siku nyingi huleta maumivu ya shingo, mgongo na kichwa kinachobana kama kimefungwa kamba. Damu hupunguzwa tumboni, kwa kuwa huu si wakati wa kusaga chakula. Ndiyo maana huja kichefuchefu, tumbo kujisokota na kwenda chooni mara kwa mara.

Ganzi na kizunguzungu vina maelezo yao. Anayepumua haraka huku amekaa tu hutoa hewa ukaa nyingi kuliko mwili unavyoizalisha. Hewa hiyo ikipungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa kidogo na kemia ya damu hubadilika. Mgonjwa huhisi kichwa chepesi, midomo na vidole huchomachoma, na wakati mwingine vidole vya mikono hukakamaa na kujikunja. Anahisi hewa haimtoshi, kumbe anapumua kupita kiasi. Akijitahidi kuvuta zaidi, hali inazidi.

Hapo ndipo mzunguko hujifunga. Moyo ukienda mbio, mgonjwa anadhani unasimama. Wazo hilo ni hatari mpya, mlinzi anapiga kengele tena, adrenalini inaongezeka na moyo unakwenda mbio zaidi. Hofu ya ghafla ya namna hii hufika kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi dakika 10 au chini ya hapo, kisha hushuka yenyewe. Anayepitia hali hiyo kwa mara ya kwanza huamini kabisa kwamba anakufa.

Madaktari wamehangaika na jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1871 daktari Jacob Mendes Da Costa wa Marekani aliandika kuhusu wanajeshi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo. Walilalamikia mapigo ya moyo, maumivu ya kifua na kukosa pumzi, lakini mara nyingi mioyo yao ilipochunguzwa haikuonyesha ugonjwa wa kutosha kueleza mateso hayo. Miili yao ilikuwa bado vitani.

Kilichoonekana Rwanda

Katika ukanda wa Maziwa Makuu, nchi iliyolazimika kujifunza jambo hili hadharani ni Rwanda. Kila mwaka kuanzia Aprili 7 taifa huingia katika siku 100 za kumbukumbu, Kwibuka. Kwenye viwanja na maeneo ya makumbusho, wimbo mmoja au ushuhuda mmoja unatosha: mtu aliye kwenye umati hushika kifua, hupaza sauti, huhema, hutetemeka au huanguka. Wahudumu waliofundishwa humsindikiza mahali penye utulivu, humketisha, huzungumza naye polepole na kumkumbusha alipo na mwaka uliopo. Hakuna anayemwambia anaigiza. Umati unajua jina la hali hiyo.

Utafiti umeunga mkono kile ambacho umati ulikiona. Mwaka 2003 daktari wa magonjwa ya akili wa Rwanda, Athanase Hagengimana, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi kwa wajane 100 walionusurika mauaji ya kimbari. Wajane 40 kati yao walikuwa wamepata, katika wiki 4 zilizotangulia, shambulio la hofu lililojitokeza zaidi kupitia mwili. Waliopata mashambulio hayo ndio pia waliokuwa na kiwewe na huzuni kubwa zaidi.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulikuta maradhi ya hofu ya ghafla kwa asilimia 8.1 ya watu wa kawaida nchini Rwanda. Miongoni mwa walionusurika mauaji ya kimbari, kiwango kilikuwa asilimia 26.8, yaani zaidi ya mtu 1 kati ya 4, karibu robo karne baadaye.

Takwimu hizo ni za Rwanda, lakini mwili haubagui uraia. Burundi imepitia vita vyake, mashariki mwa Kongo bunduki hazijanyamaza, na kambi za ukanda huu zimejaa watu waliokimbia usiku. Wala si lazima mtu awe amepita vitani. Ukosefu wa kazi, ugomvi wa shamba, kipigo cha nyumbani, kufiwa au mtoto mgonjwa vinatosha kuiacha kengele ikilia.

Presha, taifodi na vidonge vya usingizi

Wasiwasi usipopewa jina lake hupewa jina la jirani, na la kwanza ni presha. Wengi huamini kwamba moyo kudunda, kichwa kuuma na kukasirika haraka ni dalili za presha ya kupanda. Ukweli ni kwamba presha ya kupanda kwa kawaida haina dalili yoyote hadi imeshaharibu kitu. Ndiyo maana watu wazima wanashauriwa kuipima hata wakiwa wazima. Wasiwasi nao unaweza kuipandisha kwa muda, hasa mbele ya muuguzi. Kipimo kimoja kilichochukuliwa mtu akiwa anatetemeka hakitoshi. Hurudiwa baada ya kupumzika, na hurudiwa siku nyingine.

Jina la pili ni taifodi. Kipimo cha damu cha Widal, ambacho bado kinatumika katika maabara nyingi ndogo, kinaweza kusema "ndiyo" kwa mtu ambaye hana ugonjwa huo wakati huo. Mgonjwa mwenye tumbo linalojisokota na uchovu hupewa antibiotiki, akarudi mwezi ujao na kupewa nyingine. Tumbo lake halitulii kwa sababu halikuwa na taifodi, na wadudu wa magonjwa mengine wanapata nafasi ya kuzizoea dawa.

Hatari ya tatu iko dukani. Vidonge vya jamii ya diazepamu humtuliza mtu ndani ya saa moja, na hapo ndipo mtego ulipo. Baada ya wiki chache mwili huvizoea, kipimo kinalazimika kupanda, na mtu akiacha ghafla wasiwasi hurudi kwa nguvu zaidi, hata kwa degedege. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 haupendekezi dawa za jamii hiyo kuwa matibabu ya maradhi ya wasiwasi. Pombe ya jioni hufanya kazi kwa njia inayofanana: hutuliza usiku, na huamsha moyo unaodunda alfajiri.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Haya yote hayamaanishi kwamba kila kifua kinachobana ni wasiwasi. Upungufu wa damu, pumu, sukari kushuka, maradhi ya moyo na tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi vyote vinaweza kuleta moyo kwenda mbio, kutetemeka na jasho. Kahawa nyingi, miraa, vinywaji vya kuongeza nguvu na baadhi ya dawa za pumu hufanya vivyo hivyo. Kazi ya kwanza ya kituo cha afya ni kuyachunguza haya, na mgonjwa ana haki ya kuchunguzwa hata kama tayari anajulikana kuwa na wasiwasi.

Zipo dalili zisizongoja. Maumivu ya kifua yanayoanza mtu akipanda mlima au akibeba mzigo, na kusambaa hadi mkononi, mgongoni au kwenye taya. Kuzirai. Kukohoa damu. Upande mmoja wa mwili kulegea au maneno kugoma kutoka. Miguu kuvimba na pumzi kubana mtu anapolala chali. Kukosa pumzi kwa ghafla kwa mama aliyejifungua hivi karibuni. Homa, au uzito kupungua bila sababu. Mwenye moja ya hizi aende hospitali bila kuchelewa na asikubali kuambiwa ni mawazo tu kabla hajachunguzwa.

Vipimo vikirudi safi baada ya uchunguzi huo, kazi haijaisha. Maswali mawili husaidia kufungua mlango: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekuwa na wasiwasi au hofu? Na je, umeshindwa kuyazuia mawazo hayo? Yakiulizwa kwa upole, faraghani, watu wengi hujibu kwa mapana kuliko walivyoulizwa.

Kinachosaidia

Tiba ya kwanza ni maelezo. Mgonjwa akijua kwamba vidole vinakufa ganzi kwa sababu ya pumzi, na kwamba moyo unaodunda kwa hofu hautasimama kwa hofu, sehemu ya mzunguko hukatika hapohapo. Inayofuata ni pumzi yenyewe. Kaa, legeza mabega, vuta hewa kwa pua polepole huku tumbo likijaa, kisha itoe taratibu zaidi kuliko ulivyoiingiza. Hesabu hadi 4 kuvuta na hadi 6 kutoa, kwa dakika 5. Zoezi hilo lifanywe kila siku mtu akiwa ametulia, ili siku ya hofu mwili uwe umeshalizoea. Ile desturi ya kumpa mtu apumulie ndani ya mfuko haifai, kwa sababu mwenye pumu au ugonjwa wa moyo anaweza kudhurika.

La tatu ni gumu zaidi: kutokimbia. Aliyepatwa na hofu ndani ya basi huacha kupanda basi, kisha huacha kwenda sokoni, kisha kanisani au msikitini, mwisho nyumba inakuwa gereza. Kila anachokikwepa humthibitishia mlinzi wa ubongoni kwamba kweli kulikuwa na hatari. Kurudi hatua kwa hatua, kituo kimoja cha basi leo na viwili wiki ijayo, akisindikizwa kwanza na mtu anayemwamini, humfundisha mlinzi huyo upya. Kutembea haraka au mazoezi mengine ya mwili nayo husaidia.

Msaada huo hauhitaji daktari bingwa kila mara. Jijini Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusisha wanawake 421, wengi wao waliopitia ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya wa jamii waliofundishwa kwa muda mfupi waliwafundisha kwa vikao vitano njia za kutuliza mwili kwa pumzi, kutatua matatizo yanayotatulika, kurudia shughuli zao na kutafuta watu wa kuwaunga mkono. Miezi mitatu baadaye, waliopata vikao hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare, akiwa na akina bibi 14. Wazee hao waliofundishwa huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wakazungumza naye juu ya kufungisisa kwa lugha yake na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliowahusisha watu 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa kwenye Benchi la Urafiki walikuwa na dalili chache kuliko wenzao. Mpango huo umefika Malawi na Zanzibar.

Wale ambao mazungumzo hayawatoshi, zipo dawa zinazotolewa na daktari, hasa za kundi linalotumika pia kutibu sonona. Huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, hazilewi kama diazepamu, na haziachwi ghafla bila kumwuliza aliyeziandika.

Neno linapovuka mpaka

Mwanamke wa Kinande aliyekimbilia Uganda, Mrundi aliye kambini Kigoma, Mnyarwanda anayefanya biashara Goma: kila mmoja anaweza kujikuta mbele ya muuguzi asiyejua lugha yake ya mama. Mara nyingi watakutana katika Kiswahili. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wasemaji wake ndani ya jumuiya wameongezeka mno. Lakini Kiswahili cha safari hupunguza maneno. Ihahamuka inakuwa "kifua kinabana". Amutwe alluhire inakuwa "kichwa kinauma". Muuguzi husikia kifua na kichwa, akaandika dawa ya kifua na ya kichwa.

Dawa ya tatizo hilo ni rahisi kuliko ya mengi yanayozikabili wizara za afya. Muuguzi wa mpakani au wa kambi kama Nyarugusu, Nakivale au Kiziba anahitaji karatasi moja yenye maneno ya majirani zake na kile yanachobeba, na ruhusa ya kuuliza: "Kwenu mnaiitaje hali hii?" Swali hilo haligharimu chochote, na linamwonyesha mgonjwa kwamba anayemsikiliza hajaanza kwa kumkatalia.

Kwa mgonjwa mwenyewe, mlango wa kwanza ni kituo cha afya cha karibu. Pale kinaposhindwa, zipo hospitali zenye wataalamu: Ndera jijini Kigali, Kamenge mjini Bujumbura, Butabika jijini Kampala, Mathari jijini Nairobi, Mirembe mjini Dodoma, Sosame mjini Bukavu na Tulizo Letu mjini Goma. Kwenda huko si kutangazwa kuwa mwendawazimu. Huwatibu pia wengi ambao tatizo lao ni wasiwasi na usingizi, kisha wanarudi kazini.

Anayejiandaa kwenda na abebe mambo manne aliyoyaandika: dalili zilianza lini, alikuwa akifanya nini au akiwaza nini zilipoanza, hudumu kwa dakika ngapi, na dawa zote alizokwisha kumeza pamoja na za mitishamba. Akumbuke pia jina ambalo bibi yake angelitumia kwa hali hiyo. Alitaje jinsi lilivyo, kwa lugha yake, kabla hajaanza kulitafsiri.